Usiku Nane Njiani na Mama



Katika gazeti letu tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya watoto: masomo yao, chakula chao, magonjwa yao. Leo ninaomba tuzungumze juu ya wazazi wetu. Wengi kati yetu tuna mama au baba aliyebaki peke yake kwenye kilima, na miaka imekwenda. Tunamtumia franka kidogo kwa simu, tunamuuliza habari siku ya Mungu, anajibu kwamba yuko salama, tunalala. Lakini ndani ya roho swali linabaki: tumlete mjini, au tumwache pale alipo? Nami ninawasimulia safari niliyofanya na mama yangu katika vakansi kubwa, mwezi wa Agosti, kwa sababu ilitufundisha jambo ambalo simu za mwaka mzima hazikutufundisha.

Baba yetu alifariki miaka miwili iliyopita. Mama amepita miaka 70. Alizaliwa wakati mji wa Bukavu ulikuwa ukiitwa bado Costermansville. Anaishi upande wa Walungu, kwenye nyumba aliyojenga na Baba, kati ya migomba na shamba la maharagi. Sisi watoto tuko watano, na hakuna hata mmoja aliyebaki kule. Mkubwa yuko Kinshasa, mwingine Uvira, mwingine Goma, na mimi na dada yangu tuko Bukavu. Wakubwa walishauriana kwa simu, wakapanga kwamba Mama ahamie mjini kwa dada yetu, ambaye ana chumba. Mama alipoelezwa hakukataa. Alisema neno moja tu: hawezi kuondoka kama mwizi, bila kuaga watu.

Kwa kuwa mwalimu ndiye mwenye likizo, nikapewa kazi hiyo: kumchukua Mama Walungu, kumpitisha pole pole kwa ndugu na marafiki mpaka Katana kwa mdogo wake, kisha kumrudisha Bukavu kwenye chumba chake kipya. Shemeji yangu alitupa gari lake la zamani. Mpwa wangu wa miaka 23 akawa shofere, na binti yangu wa miaka 11 akaja nasi. Kutoka Walungu kupitia Bukavu hadi Katana hakufiki kilomita 100. Wakati wa kiangazi gari linaweza kuzimaliza kwa siku moja. Sisi tulilala njiani usiku nane.

Asubuhi ya kuondoka Mama alifunga mlango, akampa jirani ufunguo. Kisha akamkabidhi kuku wake wanne. Nilimsikia akisema: “Unichungie hawa.” Hakusema awauze. Nilisikia, nikanyamaza.

Wale wanaoijua njia ile wanajua uzuri wake wakati wa kiangazi. Vilima vinakauka na vumbi jekundu linapanda juu ya migomba, lakini chini, mabondeni, kunabaki kijani. Ndiko watu wanakolima wakati huo, kwa sababu maji hayajakwisha: kabichi, maharagi, viazi vitamu, lenga-lenga. Wamama wanapanda kutoka bondeni na mizigo mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye kipaji cha uso. Kila tulipokutana na mtu anayemjua, Mama aligonga kiti cha shofere: “Simama, mwanangu.” Tukasimama. Wakaulizana habari za ng’ombe, za wagonjwa, za nani ameoa. Mpwa wangu alihesabu: kabla ya kufika Mugogo tulisimama mara 11.

Hapo Mugogo tulilala kwa rafiki wa Mama. Waliolewa mwaka mmoja, na zamani walikuwa wakikutana sokoni na vitunga vyao. Yeye pia ni mjane, na watoto wake wako mbali. Lakini jioni, tulipokuwa tunakula bugali na maharagi, waliingia wasichana wawili wa jirani na madaftari yao. Nikauliza kama ni wajukuu. Akacheka: “Ni wa jirani. Wanalala kwangu. Mimi ninawapa taa na uji, wao wananipa sauti ndani ya nyumba.” Zamani hilo lilikuwa jambo la kawaida kwetu: nyakulu halali peke yake, anapewa mtoto wa kulala naye. Yeye alikosa mjukuu, akaomba wa jirani, na wazazi wao wakafurahi.

Nikamuuliza kama watoto wake wanampigia simu. “Kila juma. Wananiuliza nimekula nini. Ninawaambia nimekula vizuri. Wataona wapi?” Akacheka tena, na Mama akacheka naye, kwa namna iliyonifanya nimtazame Mama vizuri.

Kesho yake tulishuka Bukavu, na tulikaa usiku tatu kwa dada yangu. Ninataka niseme haki: dada yangu alikuwa ametengeneza kila kitu. Kitanda kipya, blanketi mbili, radio, kiti chenye mgongo. Hata sambaza zilipikwa kila siku kwa sababu anajua Mama anazipenda. Lakini mnaujua mji wetu. Parseli yake iko kwenye mteremko, na kutoka barabarani hadi mlangoni kuna ngazi 42 za udongo na mawe. Binti yangu alizihesabu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi dada na mumewe wanakwenda kazini. Watoto, wakati wa masomo, wanakwenda shuleni. Mama anabaki na radio. Siku ya pili nilimkuta akifagia kiwanja kidogo cha mbele ya nyumba. Siku ya tatu alikifagia mara tatu, na hakikuwa na uchafu.

Lakini huko huko mjini ndiko tulikogundua jambo kubwa. Dada alimleta muuguzi anayekaa avenyu ile ampime Mama. Tansio ilikuwa 17 kwa 10. Mama alikuwa amepewa dawa tangu mwaka uliopita, na kila tulipomuuliza kwa simu alisema: “Dawa ninakunywa.” Muuguzi akamuuliza polepole anakunywa namna gani. Mama akajibu kwa unyofu kabisa: anakunywa siku ile kichwa kinapouma, na kinapoacha anaweka vidonge kwenye sanduku visiishe bure. Kwa hiyo alisema kweli, alikuwa anakunywa. Muuguzi akamweleza kwamba tansio ya juu inaweza kukaa mwilini bila kuumiza, huku inaharibu moyo na figo, na inaweza kupasua mshipa wa kichwa. Ndiyo maana dawa ni ya kila siku, hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Mama alisikiliza, akauliza maswali mawili, akaelewa. Mwaka mzima wa simu, na hakuna aliyejua. Simu haina macho.

Basi mnaweza kufikiri kwamba mimi nilitoka hapo nikiwa na hakika kwamba Mama abaki mjini karibu na muuguzi. Kwa kweli nilikuwa nimegawanyika.

Siku ya tano tukashika njia ya kaskazini. Tulipita soko la Mudaka, Mama akanunua chumvi na sabuni za kupeleka, kisha tukapanda hadi upande wa Miti. Huko hewa inabadilika. Asubuhi ni baridi hata mwezi wa Agosti, na mawingu yakiondoka unauona mlima Kahuzi, mita 3,308. Nilimwonyesha binti yangu, nikamweleza kwamba hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia kwa ajili ya sokwe wakubwa wanaoishi mle. Mama akaongeza somo lake: “Ukiona Kahuzi amevaa kofia mchana, funika unga.”

Tulilala kwa baba mdogo. Huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la majani ya chai, tangu kabla ya zairianizasyo ya mwaka 1973. Watoto wake walimhamishia Kinshasa, akakaa miezi tisa, akaomba kurudishwa. Nilimuuliza alikosa nini kule. Akafikiri kwanza.

“Sikukosa kitu,” akasema. “Nilikula samaki. Nililala kwenye matela mazuri. Wakwe zangu walikuwa na heshima. Lakini siku nzima hapakuwa na mtu wa kuniuliza swali. Hapa watu wananiuliza: mpaka wa shamba hili ulipita wapi? Nani alipanda mkaratusi ule? Ng’ombe wa mahari ya fulani walikuwa wangapi? Mtu ambaye haulizwi kitu anaanza kusahau.”

Sisi walimu tunalijua hilo. Mtoto anayekaa nyuma ya darasa bila kuulizwa, baada ya miezi miwili anasinzia, na watu wanasema hana akili. Sikuwa nimefikiri kwamba mzee ni vilevile.

Lakini mke wake, akichambua sombe pembeni, alitukatiza. “Mweleze na habari ya Machi.” Wakati wa mvua, usiku, alishikwa na maumivu ya kifua. Gari haliwezi kufika kwao wakati ule. Vijana wanne walimbeba kwa kipoyi, wakipokezana, kwa saa mbili kwenye tope hadi kituo cha afya. “Nilipona,” akasema. “Lakini usije ukaandika kwamba kilima ni paradiso.” Ninaandika basi kama alivyosema.

Usiku uliofuata tulikuwa Kavumu kwa rafiki yangu tuliyesoma naye ISP. Yeye anafundisha hesabu kwenye shule ya sekondari, na anaishi na mama mkwe wake. Hapo niliona namna nyingine. Mama mkwe hakupewa chumba ndani ya nyumba kubwa. Alijengewa nyumba ndogo ya mbao na bati ndani ya parseli ile ile, na ana mlango wake, jiko lake na ufunguo wake. Rafiki yangu aliniambia: “Akitaka kula kwetu, anakuja. Akitaka kupika chakula chake na kumwita rafiki yake, anapika. Tangu awe na jiko lake hatujagombana hata siku moja.” Mama aliingia katika nyumba ile ndogo, akakaa kwa muda mrefu, akagusa kuta. Alipotoka hakusema kitu.

Siku ya saba tulipita njia ya Lwiro, binti yangu akatazama yale majengo makubwa ya utafiti yaliyojengwa wakati wa Wabelgiji, kisha tukafika Katana kwa mama mdogo, yaani mdogo wa Mama, tumbo moja. Walikuwa hawajaonana tangu matanga ya Baba. Gari halijasimama vizuri Mama amekwisha kufungua mlango.

Mama mdogo naye ni mjane. Binti zake wameolewa, na mwanawe yuko machimboni. Alikuwa ametutayarishia mashanza na viazi. Tulilala usiku mbili. Katika usiku wa kwanza, dada hao wawili walikaa karibu na moto wakichambua maharagi ya mbegu, nami nilikuwa nyuma yao nikimsuka binti yangu. Mama akasema, kama mtu anayesoma tangazo: “Watoto wanataka kunipeleka mjini.”

Mama mdogo hakuacha kuchambua. “Na wewe unataka nini?”

Kwa muda mrefu sikusikia kitu isipokuwa maharagi yakianguka kwenye ungo. Kisha Mama akasema: “Ninataka kupanda maharagi yangu ya Septemba.”

“Basi yapande.”

“Na usiku? Nikianguka?”

“Nani alikuambia utakuwa peke yako? Mimi hapa nimelala na nani tangu mwaka jana?”

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Walizungumza mpaka moto ukafa, na asubuhi wakaniita niketi. Mpango wao ulikuwa umekamilika kuliko ule wetu wa simu. Tangu Septemba hadi mavuno ya Januari, wote wawili watakaa Walungu. Majira ya pili, tangu Februari hadi Juni, watakaa Katana. Kila mahali, jirani mmoja atalima shamba ambalo wenyewe hawako, na mavuno yatagawanywa. Wakati wa kiangazi, wajukuu wakiwa vakansi, watashuka Bukavu kwa dada yangu, na chumba kile hakitapotea. Wakati huo nyumba ina watoto, kwa hiyo hawatabaki na radio peke yake. “Na dawa,” Mama akaniambia, kabla sijafungua kinywa, “tutakunywa asubuhi, yeye ananitazama mimi, mimi ninamtazama yeye.” Nilijua hapo kwamba mama mdogo pia alikuwa na vidonge kwenye sanduku.

Nikampigia kaka mkubwa nikiwa pale pale, nikampa Mama simu aseme mwenyewe. Kaka hakufurahi. Alisema watu watafikiri tumemtupa mama yetu. Alisema kuzunguka huko ni gharama na ni hatari kwa mtu wa miaka hiyo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayempenda mama yake na ambaye yuko mbali. Sikumwona kama adui. Mama akamwacha amalize, kisha akamjibu: “Mwanangu, kama watu wanasema, waambie waje kunitembelea. Watanikuta ninapalilia.” Kaka akakubali tujaribu mwaka mmoja.

Ninaandika haya mwanzoni mwa Februari, na sehemu ya kwanza ya mwaka huo imekwisha. Maharagi ya Walungu hayakuwa mengi, lakini yalivunwa na waliyoyapanda. Kuku wanne wamekuwa tisa. Tansio ya Mama mara ya mwisho ilikuwa 14 kwa 8. Sisi watoto watano tumeanzisha likelemba yetu: kila mmoja franka 10,000 kwa mwezi, jumla 50,000, ya kulipa dawa za wote wawili, pikipiki ya kuwapeleka kituo cha afya kupimwa, na kibarua wa kulima. Nisiwafiche, mmoja wetu ameruka miezi miwili, na tumelazimika kuziba pengo. Goti la mama mdogo linamsumbua. Tena tunajua wote kwamba siku moja mmoja wao atabaki, na swali litarudi. Tumekubaliana kwamba likirudi, tutaliuliza mbele yake, tukiwa tumeketi naye.

Wamama wapenzi, sisemi kila mzazi abaki kilimani. Kuna wazee ambao mwili hauwaruhusu tena, na kuna vilima ambavyo usalama umeviacha. Rafiki wa Mugogo ana njia yake, baba mdogo ana yake, mama mkwe wa Kavumu ana yake. Ninachoomba ni hiki. Vakansi ijayo, kabla ya kupanga kwa niaba ya mzazi wako, nenda ulale kwake, na kama mwili wake unaweza, mpeleke kwa watu aliokua nao. Ukiwa huko, fanya mambo manne:

Omba kuona dawa zake, na uhesabu vidonge vilivyobaki.

Angalia ni nani anayemsalimu asubuhi, na ni nani atakayesikia akiita usiku.

Tazama chakula kilichoko ndani ya nyumba siku ambayo hakujua unakuja.

Kisha, mkiwa mnafanya kazi ya mikono pamoja, bila haraka, muulize lile swali la mama mdogo: “Na wewe unataka nini?” Unyamaze mpaka ajibu. Jibu linaweza kuchelewa kidogo. Endelea tu kuchambua maharagi.